Bolti za madigadi na bampa zinazozunguka bure: kwanza fahamu kilicho nyuma ya bati

Mwanzisha uzi, Dodoma mjini

Wakuu, habari za humu.

Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu jambo hili huonekana dogo na kila mtu hulipita, hadi siku madigadi inapoanza kugonga barabarani. Nazungumzia bolti za bodi, yaani zile zinazoshika madigadi, bampa, taa na ngao ya chini ya injini, pale ambapo thredi, yaani meno ya bolti na nati, zimekwisha na bolti inazunguka bure bila kukaza. Mimi si fundi kwa ajira. Ni mtu wa ofisini ambaye Jumamosi zake huishia chini ya gari, na mengi ninayoyajua nimeyapata kwa kukaa karibu na mafundi na kuwauliza maswali hadi wakachoka.

Mwezi uliopita pikapu yangu, Toyota Hilux, iligusana na mkokoteni wa punda karibu na Chamwino, madigadi ya kushoto ikabonyea. Niliipeleka gereji moja, wakainyoosha vizuri, rangi ikakubali, nikalipa na kuondoka nimeridhika. Wiki iliyofuata nilikuwa njia ya vumbi kuelekea Kibakwe, na kila nilipoingia kwenye rasta, yale matuta madogo yanayofuatana barabarani, nilisikia mlio wa bati likigonga bati upande ule ule. Nilisimama, nikafungua boneti, nikakuta bolti mbili kati ya zile za juu zinazunguka kwa vidole tu.

Niliitoa ya kwanza taratibu. Katikati ya meno yake kulikuwa na kiuzi cha chuma kinachong'aa, kimejiviringa kama waya wa steelwire wa kusugulia sufuria. Zile ndizo thredi za nati, zimetoka nzima nzima na kubaki zimeng'ang'ania bolti. Nilipoiweka ubavuni mwa bolti ambayo ilikuwa haijaguswa na mtu, meno dhidi ya meno, na kuzielekeza kwenye jua, niliona mwanga unapenya: meno mawili ya kwanza yanaoana, la tatu linaanza kupanda juu ya mwenzake. Hazikuwa bolti za aina moja.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye chanzo cha uharibifu mwingi. Magari ya Japani hutumia vipimo vya milimita. Bolti nyingi ndogo za bodi ni M6, yaani unene wa milimita 6, na kutoka jino moja hadi jingine ni milimita 1.0, kichwa chake hufunguliwa kwa spana namba 10. Kubwa yake ni M8 yenye nafasi ya milimita 1.25 kati ya meno, na kwenye magari ya Japani kichwa chake mara nyingi ni namba 12. Sasa ipo bolti ya inchi, ile ya robo inchi, ambayo unene wake ni milimita 6.35 na nafasi ya meno yake ya kawaida ni milimita 1.27. Kwa macho ya haraka, ndani ya kopo la bolti zilizochanganywa, huwezi kuitofautisha na M6. Ukiianzisha inaingia mizunguko miwili, kisha inakuwa ngumu. Aliyeshika spana kwa haraka huamini kwamba ni kutu, anaongeza nguvu, na kuanzia hapo bolti inakata njia yake juu ya njia iliyokuwepo. Inakaza siku hiyo, lakini haikazi tena baada ya kufunguliwa mara moja au mbili. M10 nayo ina mtego wake: magari mengi ya Japani hutumia M10 yenye nafasi ya 1.25, wakati ile inayopatikana kirahisi madukani ni ya 1.5.

Kabla ya kununua bolti, kwa hiyo, nendeni dukani na bolti nzima iliyotoka kwenye gari lilelile, mkazilinganishe meno kwa meno. Kama hakuna ya mfano, rula inatosha: kwenye M6, meno kumi huchukua milimita 10 kamili.

Baada ya kujua chanzo, nilitaka kukimbilia dawa, na mtu wa kwanza niliyemwuliza alinishauri niweke bolti nene zaidi. Wa pili alisema skrubu ya bati. Ushauri wa wote wawili nimeukataa, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike. Bati la madigadi lina unene wa milimita 0.7 au 0.8 hivi. Jino moja la M6 linahitaji milimita 1.0. Maana yake bati lenyewe haliwezi kubeba hata jino moja kamili. Linachofanya ni kubanwa tu kati ya kichwa cha bolti na nati iliyo nyuma. Anayebeba kazi yote ni nati hiyo, ambayo ina kina cha milimita tano hivi, yaani meno matano. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu bolti hata kidogo. Ni hili: nyuma ya bati kuna nini?

Kwa magari niliyofungua, nimekutana na vitu vitatu. Kipo cha kwanza, nati iliyochomelewa kiwandani nyuma ya bati la ndani, na hii ndiyo iliyo chini ya madigadi pale juu. Kuna nati ya klipu, kile kibati chenye umbo la herufi U kinachochomekwa ukingoni mwa bati au plastiki, ambacho hupatikana sana kwenye bampa na ngao ya chini ya injini. Halafu kuna nati iliyofungiwa ndani ya kizimba kidogo cha bati, ikiwa na nafasi ya kucheza kidogo ili mtu aweze kupanga mkao. Hii usidhani imelegea, imetengenezwa hivyo.

Nati ya klipu ikiharibika, msipoteze muda kuitibu. Chomoeni, wekeni nyingine ya kipimo kilekile, kazi imekwisha.

Nati iliyochomelewa ndiyo yenye maneno mengi. Mimi nilianza kwa kuisafisha kabla ya kuihukumu. Nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaacha usiku kucha, kisha asubuhi nikapitisha tapu, kile chombo cha kukatia thredi, ya M6 yenye 1.0, ile ya kuanzia ambayo ncha yake imechongoka. Iingie wima kwa vidole kwanza. Ikigusa ugumu, unasogeza nusu mzunguko mbele na kurudisha robo nyuma ili vumbi la chuma lidondoke, na mafuta yasikauke. Msiwe na haraka hapa, kwa sababu tapu ni chuma kigumu lakini chepesi kukatika, na ikikatikia ndani ya nati mmejiongezea tatizo kubwa kuliko mlilokuwa nalo: drili ya kawaida haiitoboi. Asiye na tapu anaweza kuchukua bolti nzuri ya kipimo hicho na kuichanja mifereji miwili kwa msumeno wa chuma, kutoka nchani kwenda juu. Haitakata njia mpya, ila inasafisha kutu, rangi na vumbi vizuri kabisa, na kwetu Dodoma vumbi peke yake hujaza njia ya bolti hadi ikadhaniwa kuwa imekufa.

Nati yangu ya kwanza ilipona kwa njia hiyo. Meno mawili ya mwanzo yalikuwa yamekwenda, lakini matatu ya nyuma yalikuwa hai. Niliweka bolti iliyo ndefu kwa milimita tano zaidi, baada ya kuhakikisha kwamba nyuma hakuna waya wala kitu cha kugonga, ikashika.

Ya pili haikupona. Nimefikia hapo, na nina njia mbili mezani: nati ya riveti, ile inayoingizwa tunduni na kuvutwa hadi ikajikunja nyuma ya bati, au kuchomelea nati mpya. Nitarudi kueleza nilichoamua. Naomba wenye uzoefu mchangie.

Mchangiaji, Kondoa

Asante mkuu kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi shida yangu ni tofauti kidogo. Bolti ya bampa la mbele inazunguka, lakini haitoki wala haikazi. Nikiizungusha nasikia kitu kinazunguka pamoja nayo ndani ya chuma, na huko ndani mkono hauingii. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hiyo si thredi iliyokwisha. Hiyo ni nati iliyobanduka pale ilipochomelewa, na thredi zake huenda ni nzima kabisa. Ndiyo maana haitoki. Kutu imeishika bolti kwa nguvu kuliko kile kidonda cha kuchomelea kilivyoishika nati. Gari lililoishi sehemu za theluji kule Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, huja likiwa na ugonjwa huu tayari, hata kama hapa kwetu hewa ni kavu na mvua ni ya msimu mmoja.

Jaribu kwanza kupenyeza bisibisi pana chini ya kichwa cha bolti, kisha inyanyue kana kwamba unaing'oa huku ukiizungusha kwa spana kwa upande wa kufungua. Ile nati ikivutwa dhidi ya bati mara nyingine hujibana na kukubali kutulia. Usipofanikiwa, kata kichwa cha bolti kwa grenda, toa bampa, halafu ushughulikie nati ukiwa na nafasi. Kuwa mwangalifu na cheche: nyuma ya bampa kuna plastiki, nyaya na wakati mwingine mabaki ya nyasi kavu.

Mchangiaji, fundi bodi, Mpwapwa

Vijana wangu, nimewasoma. Nimefanya kazi ya bodi kwa zaidi ya miaka ishirini na ninataka kumrekebisha mwanzisha uzi mahali pamoja, na kumwonya mahali pengine.

La kurekebisha ni kuhusu kuongeza unene wa bolti. Umesema umekataa, ni sawa, lakini hukueleza sababu ya pili iliyo kubwa. Nati ya M6 iliyochomelewa mara nyingi ina upana wa milimita 10 tu. Ukiitoboa kwa drili ya 6.8 na kukata njia ya M8, ukuta unaobaki kila upande ni milimita 1. Hiyo itapasuka siku ya kwanza ya rasta. Zaidi ya hapo, tundu la madigadi kiwandani limeachwa pana kuliko bolti, au limekatwa mviringo mrefu, ili mtu aweze kusogeza madigadi mbele na nyuma na kupata uwazi sawa na mlango. Ukijaza tundu hilo kwa bolti nene umepoteza nafasi ya kupanga, na utaona mlango unaanza kukwaruza.

La kuonya ni nati ya riveti. Vijana wanaipenda kwa sababu ni rahisi, lakini mimi nimetoa nyingi sana zilizoanza kuzunguka zenyewe ndani ya tundu. Ikishazunguka umerudi kule kwa ndugu yetu wa Kondoa, na sasa tundu ni kubwa zaidi. Nati ya kuchomelea ndiyo dawa.

Mwanzisha uzi

Shikamoo fundi. Nashukuru kwa kunisahihisha, hasa hilo la tundu la kupangia, ambalo nililiona kwa macho bila kulielewa.

Kuhusu nati ya riveti, naomba tukubaliane nusu. Nilizungumza na wawili waliozifunga, na nilichokiona ni kwamba zile zinazozunguka huwa na kasoro za namna moja. Tundu lilitobolewa kwa kukisia. Nati ya riveti ya M6 kwa kawaida hutaka tundu la milimita 9, na ya M8 hutaka 11, ingawa ni lazima usome kipimo cha ile uliyoinunua. Tundu likizidi hata nusu milimita, imekwisha habari yake. Au waliweka ya aluminiamu ndani ya bati la chuma, mahali panaporukiwa na maji na matope, na aluminiamu ikaliwa. Au walichukua ile laini ya mviringo badala ya ile yenye mikunjo ubavuni, ambayo hung'ata bati.

Hata hivyo, fundi, nimefuata ushauri wako. Mahali penyewe nyuma panafikika nikitoa plastiki ya ndani ya tairi, kwa hiyo sina kisingizio. Nati ya riveti nitaiacha kwa maeneo yasiyofikika na yasiyobeba mzigo, kama ngao ya plastiki.

Mchangiaji, Singida

Samahani kuwaingilia. Mimi sina kifaa cha kuvutia nati ya riveti, na duka lililo karibu nami halikodishi. Ipo njia nyingine?

Mwanzisha uzi

Ipo, kaka. Chukua bolti ndefu ya kipimo cha nati ya riveti, ivishe nati ya kawaida hadi karibu na kichwa, kisha wasa mbili zilizopakwa grisi katikati yake. Ingiza ncha ya bolti kwenye nati ya riveti, isukume kwenye tundu hadi shingo ikae juu ya bati. Sasa shika kichwa cha bolti kwa spana kisizunguke kabisa, na uizungushe ile nati ya kawaida kushuka kuelekea kwenye bati. Bolti itavutwa juu na nati ya riveti itajikunja nyuma. Ukikosea ukazungusha bolti badala ya nati, utazungusha kila kitu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati chakavu, maana ni lazima mkono ujifunze mahali pa kuacha. Ukizidisha unakula thredi za kitu ulichokuja kutengeneza.

Mchangiaji, Manyoni

Na ile koili ya waya wanayoweka kwenye injini thredi zikifa, haifai hapa?

Mwanzisha uzi

Ile imetengenezwa kwa ajili ya kuingia kwenye chuma chenye kina, kama aluminiamu ya injini. Kwenye bati haina pa kushika.

Mwanzisha uzi: taarifa baada ya siku kumi

Wakuu, nimerudi na matokeo ya ile nati ya pili.

Nilitoa madigadi yote, nikatoa plastiki ya ndani, nikatenganisha waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Msilidharau hilo, kwa sababu eneo la mbele la magari mengi lina vihisio vya mifuko ya hewa, na umeme wa mashine ya kuchomelea si mchezo kwa kompyuta ya gari. Nati ya zamani niliisaga kwa grenda hadi ikabaki bati tupu. Kisha nikakwangua rangi na ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu hadi chuma cheupe, upana wa kama sentimita tatu kuzunguka tundu, kwa sababu dawa hiyo hushika moto, na bati lililopakwa zinki hutoa moshi mbaya kwa mapafu. Tulifanyia kazi nje, upepo wa Dodoma ukitusaidia.

Badala ya kuchomelea nati moja kwa moja kwenye bati jembamba, fundi aliyenisaidia alikata kipande cha chuma cha milimita 3, kirefu kama kidole gumba, akatoboa katikati na kuchomelea nati mpya ya M6 juu yake akiwa mezani, ambako ni rahisi kuona. Kabla ya kuchomelea alifunga bolti chakavu ndani ya nati ili cheche zisiingie kwenye thredi na nati isikae upande. Kipande hicho ndicho tulichokipachika nyuma ya bati, kikashikwa kwa madoa mawili ya kuchomelea, huku kitambaa chenye maji kikiwa kimezunguka upande wa rangi. Mzigo sasa umegawanywa kwenye eneo pana, haujabebwa na duara la milimita 10. Kilipopoa, tulipaka rangi ya kuzuia kutu pande zote, tabaka mbili, kisha nta ndani ya uwazi.

Kufunga kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Bolti zote za madigadi zilianzishwa kwa vidole, mizunguko mitatu au minne kila moja, kabla spana haijaguswa. Isiyokubali vidole ilitolewa na kuanzishwa upya. Tukapanga uwazi wa mlango na boneti, ndipo tukakaza. Kwa bolti ya M6 ya bodi, nguvu ya kati ya nyutoni mita 5 na 10 inatosha, na asiye na spana ya kupimia ashike rencheti fupi karibu kabisa na kichwa, avute kwa vidole viwili. Mashine ya hewa ya kufungulia tairi haina kazi hapa. Nilipaka grisi kidogo sana kwenye meno na kufuta yote iliyobaki nje, kwa sababu grisi iliyo wazi kwenye vumbi letu hugeuka kuwa msasa.

Mchangiaji, fundi bodi, Mpwapwa

Kazi nzuri, kijana wangu. Ongeza jambo moja ili wasomaji wasidanganyike: haya yote ni ya madigadi, bampa na ngao. Bolti ya mkanda wa usalama, ya kiti au ya bawaba ya mlango haitibiwi kwa nati ya riveti, wala kwa gundi ya chuma, wala kwa kipande cha kujibunia. Tena bolti za mikanda kwenye magari mengi, hata ya Japani, ni za inchi, 7/16 yenye meno 20 kwa inchi moja, na nimeona watu wakilazimisha M10 au M12 mahali pale. Hiyo bolti ndiyo inayomshika mtu asiruke. Mahali hapo peleka kwa mtu mwenye ujuzi na vipuri sahihi.

Mwanzisha uzi

Nimekusikia, fundi, na nitayaweka maneno hayo juu kabisa ya uzi ili asiyefika hapa chini ayaone.

Jana nilikwenda Mtera na kurudi, na kwa makusudi nilipita vipande vya vumbi pembezoni ili kuijaribu madigadi. Haikugonga. Leo asubuhi nimepitia bolti zote kwa rencheti fupi: moja ya nyuma, karibu na mlango, ilikuwa imelegea robo mzunguko, nimeikaza, na nimeitia alama ya rangi nyeupe kwenye kichwa hadi kwenye bati ili nione kama itasogea tena.